Wazee Hutuliza, Msomi Naye Asajiliwe

Mpwa wangu hapa Kakamega ana digrii ya saikolojia. Sasa ataka kusomea uzamili, nao jamaa wanamlaumu: "Mbona wazee wetu walituliza watu bila cheti?"

Kweli, mzee hutuliza ugomvi wa ndoa. Lakini kijana anayetaka kujiua ahitaji mtu aliyefunzwa kazi hiyo chini ya macho ya wakubwa wake, tena atakayetunza siri. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2014 yataka wanasaikolojia na washauri nasaha wasajiliwe. Mwacheni binti asome!

Nanyi walimu wa vyuo vikuu, Masinde Muliro mkiwamo, mfunzeni pia kumsikiliza mama mkulima kwa Kiluhya. Mwenye uchungu halii kwa Kiingereza.