Asiye na Mlango Atapigiwa Hodi Wapi?

Afya ya msingi nchini Kenya hupangwa kwa nyumba. Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vipimo vya sukari na shinikizo la damu, kila mmoja apitie nyumba 100 hivi. Mpango huo ni mzuri, lakini kijana anayelala kwenye varanda za maduka mjini Kisii, au chini ya vibanda vya soko la Daraja Mbili, hana nyumba ya kupitiwa. Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyoanza Oktoba 2024, nayo humtaka mtu mzima awe na kitambulisho, na huyu mara nyingi hana hata cheti cha kuzaliwa. Hakuna aliyemkataa waziwazi. Mfumo tu haukumpangia nafasi, na Gusii, eneo la Kisii na Nyamira, ni nchi ya baridi na mvua nyingi, ambako kikohozi kisichotibiwa kwa anayelala nje kinaweza kugeuka nimonia.

Ndiyo maana naamini kaunti za Kisii na Nyamira zinahitaji kliniki tembezi moja, ya pamoja, itakayofika wanakolala watu hawa siku ile ile ya wiki, jioni, na wauguzi wale wale. Magari si jambo geni: kampeni ya Beyond Zero, iliyozinduliwa 2014, ilizigawia kaunti kliniki za magari kwa ajili ya akina mama na watoto. Ila gari lijalo mara moja kwa hotuba na picha haliwezi kutibu kifua kikuu, ambacho dawa zake kwa kawaida humezwa miezi sita. Mgonjwa akianza dawa Kisii kisha akahamia Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizi mbili kwenye barabara ya Sotik, nani atamfuatilia? Kwake mpaka haupo. Kwa daftari la hospitali upo.

Wapo wanaohofu kwamba huduma hii itawazoesha watoto maisha ya mitaani. Mtoto hatoroki nyumbani kwa kutamani bendeji. Humtoa njaa, kipigo au kifo cha mzazi. Muuguzi anayeaminiwa ndiye aghalabu atakayesikia kwanza kwamba mtoto yu tayari kurudi kwa shangazi yake. Hoja nzito zaidi ni ya fedha: zahanati za vijijini zenyewe hukosa dawa, kwa nini hawa watangulizwe? Sidai watangulizwe. Kidonda kilichoachwa kikaoza huishia Hospitali ya Rufaa ya Kisii, kitandani kwa wiki nyingi, kwa gharama isiyo na wa kuilipa, na kifua kikuu kisichotibiwa hupanda matatu pamoja na abiria wengine. Tena mzigo si mkubwa hivyo. Sensa ya 2018 ilihesabu watu 46,639 wa mitaani nchini kote, na karibu nusu yao walikuwa Nairobi na Mombasa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Mabunge ya Kisii na Nyamira yana uwezo wa kutenga, katika bajeti ijayo, fedha za mafuta, dawa, na mshahara wa wauguzi wa zamu ya jioni.