Ndege wa Isingiro hawana kadi ya chama

Naanza na wale watakaonicheka. Nilipoandika kwenye grupu letu la WhatsApp la vijana wa wilaya kwamba safari hii nataka kuandika kuhusu ndege, kamanda mmoja akajibu: "Wakili, watu hawana maji, wewe unatuletea kunguru." Wakacheka wote, hata mimi. Halafu nikajiuliza, kwani hayo maji ya Isingiro yanatoka wapi kama sio kwenye mabonde yale yale wanakotagia hao ndege?

Basi tuongee. (Nasema Isingiro yetu ya Kyerwa, sio ile wilaya ya Uganda ng'ambo ya mto.)

Likizo iliyopita nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipita kwenye nyumba moja ya wageni, jina naliacha. Bustanini kulikuwa na korongo taji wawili. Ndege mrefu, taji la dhahabu kichwani, mashavu meupe, kifuko chekundu kooni. Bibi yangu anamwita entuha. Nikamsogelea mmoja, hakuruka. Nikaangalia vizuri: manyoya ya bawa moja yamekatwa na mkasi. Nikamuuliza mhudumu wametoka wapi. "Dada, hao bosi aliletewa wakiwa vifaranga, tena kwa bei rahisi tu." Nikauliza kibali kiko wapi. Akanitazama kama nimemuuliza kibali cha kupumua.

Sasa mnisikilize, hapa ndipo ninapopata hasira. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inapotaja mnyama haimaanishi tembo na simba peke yao. Ndege yumo, kifaranga yumo, mpaka yai limo. Huwezi kumkamata wala kumfuga bila kibali. Na sheria hiyo hiyo ndiyo inayomkamata kijana wa kijijini kwetu aliyekutwa na mguu wa swala. Kesi yake inafunguliwa kama uhujumu uchumi, anasota mahabusu, familia inauza shamba la migomba. Bosi mwenye korongo wawili wa serikali bustanini anawapigisha picha wageni. Sheria moja, nchi moja. Halafu wanatuambia tusiseme kuna matabaka.

Korongo taji sio kuku. Tangu 2012 yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mambo mawili makubwa yanayommaliza ni kukaushwa kwa mabonde na watu kuiba vifaranga wakauze. Haya yote mawili yanafanywa na binadamu, na yote mawili serikali ikiamua inayazuia.

Usiniambie haiwezekani. Rwanda, ambako mto Kagera tu ndio unatutenganisha, walikuwa na tatizo hili hili la korongo kwenye bustani za hoteli na za wenye pesa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali, wakatangaza msamaha: sema unao, hutashtakiwa. Ndege wakapimwa, wakavishwa alama, walioweza kuruka wakapelekwa kwenye hifadhi ya Akagera. Walioharibiwa mabawa kabisa wakatengenezewa mahali pao Kigali. Wakaanza kuwahesabu nchi nzima kila mwaka: 2017 walikuwa 487, 2021 wakafika 881. Simsifii Kagame kwa demokrasia, tusieleweane vibaya. Nasema korongo wa Rwanda wana hesabu. Wa kwetu hesabu yao iwekwe wapi tuisome? Ibara ya 18 ya Katiba inanipa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa jamii, na Ibara ya 27 inanipa wajibu wa kulinda maliasili. Siwezi kulinda nisichoambiwa.

Mwaka 2019 walitupandishia mapori kuwa hifadhi za taifa, tatu kwa mpigo: Burigi-Chato, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Vizuri, nilipiga makofi. Ila mnajua ipi iliyopata matangazo na uwanja wa ndege jirani. Ibanda iko hapa kwetu, pori lililoliwa vibaya wakati wa wakimbizi baada ya 1994, na mtoto wa darasa la saba Isingiro anakutajia Serengeti na Ngorongoro bila kukosea lakini Ibanda hajaikanyaga.

Kuna ndege mwingine, zuwakulu mwenye uso mwekundu. Mdogo, mweusi, uso kama kapakwa rangi, anapenda matunda ya mikuyu na anatoboa miti mikavu ili atage. Anapatikana kaskazini magharibi mwa Tanzania, mashariki ya Rwanda na kusini magharibi mwa Uganda. Kuna Wazungu wanapanda ndege kuja kumwona huyo tu. Wanashukia wapi? Ziwa Mburo, Uganda. Pesa inabaki kule. Sisi tunakata mkuyu tunachoma mkaa, na shuleni hakuna aliyetuambia.

Mabonde ndiyo habari yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Uganda mwaka 2006 waliingiza ardhioevu ya Kagera upande wao kwenye mkataba wa Ramsar. Tanzania tuna maeneo manne ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Natron, Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Mto ni mmoja, sisi hatumo.

Na kabla chawa wa mtandaoni hawajasema nataka wakulima wafukuzwe, hapana. Namjua anayelima bondeni, ni mjomba wangu. Aliuza kahawa butura, ikiwa bado maua, kwa sababu mtoto alikuwa anadaiwa michango shuleni. Msimu ulipofika kahawa ilikuwa ya mtu mwingine, akashuka bondeni na jembe. Ukimtumia mgambo mjomba utapata picha ya gazetini, kesho kutwa karudi. Mpe bei ya kahawa inayoeleweka na malipo kwa wakati, bonde litapumua. Hayo nayo ni mambo ya ndege, kamanda wangu wa kunguru.

Nimeandika barua ya kuomba orodha ya vibali vya kufuga ndege pori mkoani Kagera. Ikijibiwa nitaiweka hapa, isipojibiwa nitaweka nakala yenye mhuri wa mapokezi. Na Jumamosi ya kwanza nikirudi likizo tunashuka bondeni saa kumi na mbili asubuhi kuhesabu entuha wenyewe. Njoo na gambuti. Bibi kakubali kuja kutufundisha majina, na yule kamanda aliyecheka ndiye atakayeshika daftari.