Mkamia maji hayanywi

Wahenga walinena kwamba mkamia maji hayanywi, na hata akiyanywa humpalia. Aghalabu methali hii hutolewa kumwonya mwenye pupa ya mali au cheo. Naona umefika wakati tuipeleke darasani, kwa kuwa miongoni mwa wanafunzi wetu hodari wamo wengi wanaopaliwa na elimu kwa sababu wameikamia kupita kiasi.

Namzungumzia mwanafunzi ambaye kila kazi yake sharti iwe kamili, la sivyo isiwepo kabisa. Walimu wanamjua. Ndiye achanaye ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya neno moja lililokosewa. Ndiye asiyeinua mkono ila awe na hakika kwamba jibu lake halina dosari. Akipata alama 92, hasemi amepata 92. Husema amekosa 8. Sisi nasi humsifu kwa bidii yake. Nachelea kwamba tunaita bidii kitu ambacho kwa hakika ni hofu.

Hofu hiyo haina faida hata katika mtihani wenyewe inaodai kuutumikia. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE humtaka mtahiniwa aandike insha 2 kwa saa 1 na dakika 45, kila insha ikiwa na alama 20. Mwanafunzi wetu huanza insha ya kwanza, akaikata, akaanza upya, akatafuta methali itakayomstaajabisha mtahini. Anapozinduka, zimesalia dakika 10. Tuseme insha hiyo ipate alama 18, jambo lililo nadra, na ile ya pili iliyokatikia njiani ipate 3. Jumla ni 21. Jirani yake aliyeandika insha 2 za wastani, zenye makosa ya tahajia hapa na pale, akapata 13 na 13, ana 26. Aliyetaka yote ameshindwa na aliyekubali kupungukiwa kidogo.

Huenda mwalimu akauliza: je, tuwafunze watoto kuridhika na kazi hafifu? La, hasha! Uvivu ni uvivu, na haustahili kutetewa. Ninachosema ni kwamba ari na ukamiaji ni vitu viwili. Mwenye ari hujiuliza afanye nini ili kesho awe bora kuliko leo. Mkamiaji hujiuliza watu watamwonaje akikosea. Wa kwanza hulitazama kosa lake akajifunza. Wa pili hulificha, na kosa lililofichwa halisahihishwi.

Tunaye shahidi katika nchi yetu. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003, akiwa kijana mdogo. Mwaka wa 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mkamiaji angetundika viatu. Yeye mwaka uliofuata aligeukia marathoni. Mwaka wa 2017, mjini Monza nchini Italia, alijaribu kukimbia masafa hayo kwa muda usiofika saa 2, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Alikuwa ameshindwa, na ulimwengu mzima ukitazama. Mwezi wa Oktoba 2019, mjini Vienna, alijaribu tena akatumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuingizwa katika rekodi rasmi kwa sababu ya jinsi mbio zilivyoandaliwa, lakini lengo lake lilitimia. Ari yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengi wetu, na bado ilikuwa na nafasi ya kushindwa ndani yake.

Najua pia kwamba zipo kazi zisizovumilia kosa. Daktari hana ruhusa ya kukosea kipimo cha dawa. Lakini hiyo ndiyo sababu hupitishwa miaka mingi ya mafunzo chini ya macho ya wakubwa wake, mahali ambapo kosa laweza kugunduliwa kabla halijamdhuru mgonjwa. Shule ndipo mahali salama pa kukosea. Tukimnyima mtoto nafasi hiyo hapa, atakosea kwingine, ambako gharama yake ni kubwa zaidi.

Mtaala wa umilisi umetuletea lugha inayofaa. Mwanafunzi sasa huambiwa kwamba amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. "Kukaribia" ni neno la mtu aliye safarini. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu, walimu na wazazi, tumeyageuza maneno hayo kuwa nambari moja, mbili, tatu na nne, kama kwamba KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ungali nasi.

Kwa hivyo nina mapendekezo machache. Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi nafasi ya kuandika rasimu, na rasimu hiyo isomwe bila ya kutiwa alama. Tuache kuujaza ukurasa wino mwekundu. Tuchague makosa ya aina mbili au tatu, tuyaeleze vyema, mengine yangoje zamu yake. Tukikosea ubaoni, tujisahihishe waziwazi, ili darasa lione kwamba kosa haliui.

Nanyi wanafunzi, igawanyeni saa kabla ya kushika kalamu, na wakati wa insha ya kwanza ukiisha, iacheni mwende kwa ya pili. Msichane kurasa. Neno lililokosewa lipigieni mstari mmoja, andikeni lililo sahihi kando yake, kisha endeleeni. Mwisho wa muhula fungueni daftari hilo mtazame mlikotoka. Kupotea njia ndiko kujua njia, na daftari lisilo na kosa hata moja haliwezi kumwonyesha mwenyewe mahali alipopotea.