Nani Aliyezidisha Dawa?

Warfarini haikuzaliwa dawa. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walivuja damu hadi kufa baada ya kulishwa majani yaliyoota kuvu. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin wakaitambua kemikali iliyowaua, na kutokana nayo wakaunda warfarini, ambayo mwaka 1948 iliingia sokoni kuwa sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu. Tangu hapo, dawa na sumu zimekaa katika kidonge kimoja, zikitenganishwa na kiasi tu.

Nchini mwetu wengi wanaoimeza si wazee. Ni vijana ambao homa ya rumatiki, iliyoanza kama maumivu ya koo yasiyotibiwa utotoni, iliwaharibia vali za moyo. Anayebahatika kuwekewa vali bandia ya chuma katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili huondoka na deni la maisha: kidonge kila siku, na kipimo cha INR mara kwa mara. Asiyetumia dawa hiyo husoma takriban 1. Mwenye vali kama hiyo, kwa kawaida, hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3.5. Ikishuka, damu huganda kwenye vali. Ikipanda kupita 5, hatari ya kuvuja damu huongezeka upesi.

Nayo hupanda bila mgonjwa kuongeza hata kidonge kimoja. Kiangazi kikikausha mchicha na matembele, vitamini K hupungua mwilini na kipimo kilekile cha dawa huwa kikali zaidi. Akinunua metronidazoli au Septrin kwenye duka la dawa kwa sababu ya tumbo au kikohozi, hali huwa mbaya zaidi. Fizi hutoa damu, choo huwa cheusi kama lami, kisha siku moja kichwa humpasuka kwa maumivu.

Ndipo tunapoandika kwenye faili kwamba mgonjwa "amezidisha dawa". Sentensi hiyo si ya haki hata kidogo. Alimeza kile kilichoandikwa kwenye bahasha yake; kilichokosekana ni mtu wa kumpima. Mkazi wa kijiji cha Kigoma hawezi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kila mwezi kwa ajili ya tone la damu.

Kuna kifaa kinachotoshea kiganjani, kinachopima INR kwa kuchoma ncha ya kidole, na muuguzi aliyefundishwa hukimudu. Kiwekwe katika bajeti ya kila hospitali ya wilaya, pamoja na vitamini K ya kupunguza makali ya warfarini. Na kila tunapotangaza idadi ya waliofanyiwa upasuaji, tutangaze pia wangapi bado wanapimwa mwaka mmoja baadaye.

Vibanzi vya kifaa hicho vina gharama, na wahasibu wa serikali watanikumbusha. Basi waandike kando yake bei ya plazima, ya kitanda cha wagonjwa mahututi, na ya upasuaji wenyewe uliokwisha kulipiwa.