Namba ya Siri Haina Jamaa

Siku ya mnada, hapa kijijini Piyaya, nilimsikia wakala mmoja wa fedha za simu akimwambia mzee aliyetaka kutoa fedha za beberu wake, "Baba, nitajie tu namba ya siri, mimi ni mwanao," naye mzee akaitaja kwa sauti mbele ya umati, na waliohudhuria wakaona hiyo ndiyo adabu. Nami nikaghadhibika, na ghadhabu hiyo haijanitoka.

Itikadi hii, kwamba mtu mwaminifu hafichwi siri, ni batili tangu shina lake. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa sanduku la mali na tarakimu nne ndizo ufunguo wake. Azijuaye, akiishika simu, mamlaka yake juu ya fedha zile ni sawasawa na ya mwenyewe, awe mwana, mjukuu au mchungaji wa kanisa.

Watasema wazee hawakusoma. Hasha! Mzee awatambuaye ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi na pembe, na nasaba za mama zao, atashindwaje kuhifadhi tarakimu nne? Kilichokosekana ni subira ya wakala, ya kumwonyesha vitufe na kugeuza uso pembeni mzee anapobonyeza.

Wengine wanajifariji kwa usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019. Alama hizo humtambulisha mwenye laini tu. Hazimzuii aliyekwisha kutajiwa namba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini mzee atathibitishaje khiyana, ilhali namba aliitangaza mwenyewe hadharani? Na wapo waachao simu dukani kutwa nzima ichajiwe kwa umeme wa jua, laini ikiwa ndani, na namba ya siri imeandikwa katika kikaratasi nyuma ya betri.

Basi aliyekwisha kuitaja na aibadilishe leo hii, kisha apige *106# azione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa matapeli aupeleke 15040. Ama wakala atakayeniuliza namba yangu, hata akiwa mtoto wa dada yangu, nitaichukua simu yangu niende kwa mwingine.