Ukienda kuonja mvinyo, usiache dawa zako nyumbani

Hivi majuzi mama mmoja, katibu wa chama cha majirani huko Uthiru, alifika katika kliniki yangu hapa Westlands akiwa na orodha ya majina kumi na mawili. Wanachama hao wamechanga kwa mwaka mzima ili Agosti waende Dodoma, Tanzania, wakati wa mavuno ya zabibu. Wanataka kuzuru vijiji vya Hombolo na Mpunguzi, waone mizabibu, waonje mvinyo na kula nyama ya mbuzi. Kwangu alitaka jambo moja tu: kujua habari za chanjo ya homa ya manjano.

Nilimweleza kwamba cheti cha chanjo hiyo huenda kikadaiwa mpakani Namanga, kwamba huanza kufanya kazi siku kumi baada ya kudungwa, na kwamba tangu 2016 chanjo moja hutosha maisha yote. Kisha nikamuuliza: katika hao kumi na wawili, ni wangapi wanaomeza dawa kila siku?

Alihesabu kwa vidole. Saba.

"Na safarini watazimeza?"

"La, daktari, wataziacha kidogo hadi warudi. Si mlituambia dawa na pombe haziendi pamoja?"

Jibu hilo lilinichoma, kwa sababu maneno hayo ni yetu sisi madaktari. Mimi mwenyewe nimeyasema mara nyingi.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwambia hivyo mwalimu mmoja wa makamo aliyekuwa na shinikizo la damu. Alinitii, lakini si kwa njia niliyotarajia. Alipoalikwa na wenzake kwenda Naivasha kwa siku nne, aliacha tembe zake juu ya kabati. Huko walikula nyama choma yenye chumvi nyingi asubuhi na jioni, wakaiteremsha kwa mvinyo. Jumapili usiku alirudi nyumbani akiwa anaburuta mguu na kutamka maneno kwa shida. Mkewe alidhani amelewa, akamfunika blanketi akamwacha alale. Asubuhi mkono wa kulia haukuinuka. Alikuwa amepatwa na kiharusi.

Mwalimu huyo yu hai, lakini hajashika chaki tena. Kila nikikutana naye hunisalimia kwa mkono wa kushoto.

Sitaki msomaji adhani napinga safari. Kusafiri, kukaa na marafiki na kula chakula kigeni ni jambo jema kwa mtu anayeshinda foleni za Barabara ya Waiyaki. Ninachopinga ni desturi ya kupanga gari, hoteli na mbuzi, kisha mwili usipangiwe lolote.

Kwanza, tuseme ukweli kuhusu mvinyo wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nao mvinyo mwekundu umesifiwa hadi ukaitwa dawa ya moyo. Si dawa. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kuhesabiwa kuwa salama kwa afya. Kileo hupandisha shinikizo la damu, na chumvi huongezea. Kwa hivyo anayeacha dawa ili anywe huwa ameondoa ngao siku ile ile aliyoalika vita. Zipo hata dawa, kama atenolol, ambazo zikikatizwa ghafla huweza kuufanya moyo uende mbio na kuleta maumivu ya kifua.

Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi: kama dawa na mvinyo haviwezi kukaa pamoja, kinachoachwa ni mvinyo.

Wagonjwa wa kisukari wawe waangalifu zaidi. Anayetumia insulini au tembe kama glibenclamide, akinywa kabla ya kula, sukari yake huweza kushuka vibaya. Atatokwa na jasho, atatetemeka na kuropoka, na wenzake watacheka wakidhani ni kileo. Anayetumia metformin naye asinywe kupita kiasi, kwani damu yake huweza kujaa asidi. Anayemeza dawa za kifua kikuu asiguse kileo kabisa; ini lake tayari lina mzigo. Hata anayetibiwa tumbo kwa metronidazole, ambayo wengi huiita Flagyl, ajiepushe na kileo hadi siku mbili au tatu baada ya kumaliza dozi.

Mkifika huko, ulizeni mnachopewa. Mvinyo mtamu ulioongezwa nguvu, kama ule uitwao dompo, una kileo kingi kuliko mvinyo wa kawaida, ingawa kinywani huteremka kama sharubati. Kuleni kwanza. Ugali wa mtama na mlenda wa Wagogo ni chakula kizuri kwa mwenye kisukari kuliko sahani ya chipsi, mradi ugali usiwe mlima. Kunyweni maji kwa wingi, kwani Dodoma ni nchi kavu.

Dereva asionje hata tone. Chupa moja ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12 ina takriban gramu 70 za kileo halisi, na ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeimaliza saa nne usiku huenda bado anacho mwilini alfajiri anapowasha gari. Kahawa na maji baridi vitamwamsha tu, havitamlevua. Na kutoka Nairobi hadi Dodoma ni takriban kilomita 700. Simameni kila baada ya saa mbili mnyooshe miguu, ili damu isigande.

Dawa zibebwe katika mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na akiba ya siku tatu, pamoja na karatasi ya daktari. Mmoja wenu asiyekunywa ajue nani anatumia nini. Mtu akipinda mdomo, akilegea mkono au akivuruga maneno, msiseme amelewa. Mpelekeni hospitalini saa hiyo hiyo. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, lakini huwafaa wagonjwa wanaoipata ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Blanketi halitibu kiharusi.

Nasi madaktari tuache kusema nusu ya maneno. Haitoshi kumwambia mgonjwa asichanganye. Tumuulize atakachoacha ni kipi.

Yule mama aliondoka akiwa ameandika alama kando ya majina saba. Nimemwomba anitumie wote saba kabla ya Agosti, kila mmoja na pakiti zake za dawa mkononi. Kufikia leo wamekuja wanne. Watatu waliobaki, kama mnasoma ukurasa huu, mlango wangu u wazi.