Wimbo Wetu, Jina la Nani?

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, niazime sikio nitoe dukuduku langu.

Likizo ya Aprili tulikuwa wasichana watatu wa kidato cha tatu na wimbo mmoja tulioutunga bwenini taa zikiwa zimezimwa. Tulichanga pesa za matumizi, mwenzetu mmoja akauza kuku wake wawili, tukaingia studio moja hapa mjini Machakos: chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Kurekodi si kuimba, jamani! Mmoja akikohoa, mwanzo tena. Kila mtu aliimba peke yake na hedifoni masikioni, kisha sauti zikapangwa moja juu ya nyingine. Kiitikio pekee kilitutoa jasho saa nne, maana sauti ya tatu (yangu, nakiri) ilikuwa ikiifuata ya kwanza kama ndama na mamaye.

Wiki mbili baadaye nikausikia ndani ya matatu. Moyo ulinidunda paa! Kumbe mwenye studio alimwingiza kijana fulani akafoka mistari minane katikati, na wimbo ukawa wake. Sisi tulitajwa kama "wasichana wake". Wake tangu lini? Mistari yenyewe haikuwa mibaya, sitasema uongo. Lakini mgeni hapewi shamba kwa sababu amepalilia mtaro mmoja.

Wenzangu darasani wananiambia, "Si bora mmesikika?" Shangazi yangu naye hakuuliza habari za jina. Alisema tu kwamba wasichana kuimba redioni ni uhuni. Namheshimu shangazi, lakini hapo nampinga. Ngoma za kilumi huku Ukambani zilipigwa na kuimbwa na nani kama si akina nyanya? Kundi la wanawake waimbaji halikuletwa na televisheni.

Na tazama kundi la Tattuu, ambalo mama zetu walilicheza ujanani. Walikuwa watatu: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila. Wimbo wao "Teso" ulivuma sana Kenya miaka ya mwanzo ya 2000. Watu walizungumzia sura na mavazi yao, kama kawaida. Lakini Ndambuki ni wakili. Baadaye aliongoza PRISK, chama cha kukusanya malipo ya waimbaji na wapigaji ala nyimbo zao zinapochezwa hadharani, na mwaka 2020 akawa mkurugenzi wa IFPI, shirika la kimataifa la kampuni za kurekodi muziki, kwa Afrika kusini mwa Sahara. Huo ndio uhuni wenyewe?

Mimi naona kosa letu wasichana ni kujifunza sauti na kuacha kujifunza karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mtunzi, inamtambua mwimbaji, na inamtambua aliyetengeneza rekodi, kila mmoja kivyake. Mwenye mashine ana haki yake, sikatai, lakini haki yake haimezi ya mtunzi. Sisi tulitunga, tukaimba, tukalipa, kisha tukatoka bila hata kipande cha risiti. Katika chama chetu tunachambua mizani na vina hadi kengele inalia, wala hatujawahi kuandika tarehe chini ya shairi. Naomba muhula ujao tufundishwe na hilo.

Mwenye studio tumempelekea barua yenye majina matatu, sahihi tatu na tarehe ya siku tuliyorekodi. Hajajibu. Yule kijana ndiye aliyetuma salamu juzi, ati tumfanyie kiitikio kingine.